Shauri la Moyo katika Uongozi wa Biashara

Kazi ya kiongozi wa biashara kubwa ni kuamua. Wengine hununua, wengine huuza, wengine hutia hesabu katika vitabu na wengine huchukua mizigo; lakini yeye hulipwa kwa neno moja kati ya mawili, ndiyo au siyo. Taabu ya neno hilo ni kuwa hutakiwa kabla ya wakati wake. Hesabu hueleza habari za jana, na uamuzi ni wa kesho. Kiongozi akingoja mpaka kila jambo lijulikane, soko litakuwa limekwisha fungwa, na mshindani wake amekwisha kwenda zake na faida. Hapo ndipo mtu husikia ndani yake sauti ndogo isiyoleta hoja wala ushahidi, ikamwambia fanya, au ikamwambia acha. Sauti hiyo yaweza kuitwa shauri la moyo.

Juu ya sauti hiyo watu wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza huisifu kama karama ya wachache, likasimulia visa vya matajiri waliopuuza kila onyo wakafaulu. Kundi la pili huidharau kama ramli, likataka kila hatua itanguliwe na taarifa na kila senti itetewe kwa tarakimu. Lakini visa vya waliopuuza onyo wakaangamia havisimuliwi sana, maana walioangamia ni nadra kuandika vitabu. Na tarakimu nazo hazijipangi zenyewe, hupangwa na mtu mwenye moyo. Swali linalofaa kuulizwa juu ya moyo wa kiongozi ni hili: umesoma shule gani?

Nahodha mzee wa pwani hutazama rangi ya maji akageuza usukani. Abiria huona bahari tupu. Yeye ameona fungu. Akiulizwa amejuaje, huenda asiwe na jibu ila kwamba maji hayakumpendeza. Hakupiga ramli. Miaka mingi ya kusi na kaskazi imeandika chuo ndani ya kifua chake, na jicho limesoma ukurasa kabla ulimi haujapata maneno.

Jambo hilo lilisemwa wazi na mtu aliyekuwa kiongozi mwenyewe. Mwaka 1936 Chester Barnard, mkuu wa shirika la simu la New Jersey katika Marekani, alitoa hotuba huko Princeton juu ya akili katika mambo ya kila siku. Alieleza kuwa sehemu kubwa ya fikira za mkuu wa kazi haiwezi kutolewa kwa maneno, na hujulikana kwa hukumu na matendo tu. Hakuona uchawi ndani yake; aliona maarifa na mazoea yaliyozama katika mtu hata mwenyewe hayaoni tena. Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon walitoa ushahidi wake kwa mchezo wa sataranji. Bingwa akionyeshwa kwa sekunde tano ubao wa mchezo wa kweli, aliweza kurudisha kete nyingi mahali pake kuliko mwanagenzi. Lakini kete zilipomwagwa ubaoni ovyo ovyo, bila mpango wa mchezo, ubingwa wake ulikaribia kutoweka, akawa sawa na wengine. Jicho lake lilikuwa kali kwa mambo lililoyazoea, na kwa mengine lilikuwa jicho la mtu yeyote.

Katika biashara hapana mfano mwema kuliko wa Akio Morita wa Japani. Mwaka 1955 alikwenda New York kuuza redio ndogo za transista. Shirika lake lilikuwa changa, na jina la Sony halikujulikana na mtu. Kampuni ya Bulova ikataka kununua redio 100,000, kwa sharti moja: ziuzwe kwa jina la Bulova. Thamani ya agizo hilo ilipita mtaji wote wa shirika. Wenzake wa Tokyo walimhimiza akubali, na hesabu ilikuwa upande wao. Morita alikataa. Miaka ilipopita, redio na mitambo yenye jina la Sony ilipoenea duniani, alihesabu kukataa huko kuwa uamuzi bora kuliko yote aliyopata kufanya.

Moyo wake ulisoma wapi? Morita alikuwa mtoto wa kwanza katika nyumba ya watengenezaji wa pombe ya sake, nyumba iliyoishi kwa jina lake kwa vizazi vingi. Tangu utotoni baba yake alimketisha katika mikutano ya kazi ili ajifunze kurithi. Mtoto wa nyumba kama hiyo hakuwa na haja ya kufundishwa ukubwani kuwa jina jema ni mali. Hata alipoagiza mwaka 1979 kutengenezwa kwa Walkman, chombo kidogo cha kaseti kisichoweza kunasa sauti, wasaidizi wengi wakitia shaka kama kingenunuliwa, alikuwa katika nchi aliyoijua: alikuwa mtu wa sauti, vyombo vidogo na vijana wapenda muziki. Chombo kikauzwa ulimwenguni kote.

Walakini shirika hilohilo, chini ya kiongozi huyohuyo, lilitoa mwaka 1975 chombo cha kunasa picha kilichoitwa Betamax. Kaseti yake ya kwanza ilichukua saa moja tu. Mwaka uliofuata kampuni ya JVC ikatoa VHS, ambayo kaseti yake ilichukua saa mbili, ikavuta makampuni mengine upande wake. Sony ilishikilia njia yake mpaka mwaka 1988, ilipoanza nayo kutengeneza vyombo vya VHS. Ujasiri ulikuwa uleule wa 1955. Ila safari hii ushindi ulitegemea maelewano na washindani, somo ambalo ujasiri wa kusimama peke yake haulifundishi. Basi asomaye maisha ya Morita asichukue ujasiri wake akaacha elimu yake. Wahenga walisema: usisafirie nyota ya mwenzio.

Kisa kikubwa zaidi cha moyo ulionena nje ya shule yake kimo katika historia ya Tanganyika. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company, alipata wazo kuwa mbuga za nchi hiyo zingeweza kulimwa karanga kwa mashine, ili kuondoa upungufu wa mafuta ya kula uliowapata Waingereza baada ya vita. Samuel alikuwa mfanya biashara hodari. Lakini mzoea udalali duka haliwezi, na kununua karanga si kulima karanga. Wajumbe walitumwa kuchunguza, wakatumia kama wiki tisa kwa nchi pana mno. Wakarudi na mpango wa eka zaidi ya milioni 3. Tarakimu zilikuwako, tena nyingi. Lakini zilikuja nyuma ya imani zikafanywa watumishi wake. Huko Kongwa mibuyu na mizizi vilivunja mashine, mvua ikapungua, na udongo ukakauka ukawa mgumu kama sakafu, ukazishika karanga zisichimbuke. Wagogo walioishi na ukame ule tangu mababu walikuwa na elimu ambayo haikupewa kiti katika baraza. Mpango uliachwa mwaka 1951, na pauni milioni 36 zikafutwa katika vitabu. Fedha ilikuwa ya walipa kodi wa Uingereza. Jasho lilikuwa la maelfu ya vibarua wa Tanganyika.

Nini basi hupambanua moyo wa Morita wa 1955 na moyo wa waliopanga Kongwa? Mwaka 2009 wanavyuoni wawili, Daniel Kahneman aliyezoea kuonyesha makosa ya shauri la moyo, na Gary Klein aliyezoea kuonyesha uhodari wake, waliandika pamoja juu ya neno hili. Waliafikiana kuwa shauri la moyo hustahili kuaminiwa panapo mambo mawili: mahali penye desturi isiyobadilika ovyo, na mtu aliyepata muda wa kujifunza desturi hiyo kwa kusahihishwa upesi na wazi. Wakaafikiana tena kuwa nguvu ya imani ya mtu katika shauri lake si dalili ya ukweli wake. Neno hili la mwisho ni chungu kwa wakubwa. Moyo husema kwa sauti ileile unapojua na usipojua.

Mashaka ya kiongozi hapa ni makubwa kuliko ya nahodha. Nahodha akikosa njia, mwamba humsahihisha siku ileile. Kiongozi hujenga kiwanda leo, akajua kosa lake baada ya miaka kumi, pengine akiwa amekwisha hama kiti. Tena cheo huondoa walimu. Walio chini yake huitikia kabla hajamaliza kusema, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa hiyo kadiri mtu anavyopanda ndivyo moyo wake unavyosikilizwa zaidi na kusahihishwa kidogo.

Dawa yake si kuunyamazisha moyo, maana kiongozi asiye nao ni karani wa tarakimu. Dawa ni kuupeleka shuleni daima. Kiongozi mwenye hekima huandika shauri la moyo wake pamoja na tarehe, kabla matokeo hayajajulikana, ili kesho asijidanganye kuwa alijua. Huwapa wadogo nafasi ya kusema kwanza, na mkubwa akasema mwisho. Huwauliza wenyeji wa jambo, hata wakiwa hawana vyeti. Hujaribu shamba dogo kwa misimu kadha kabla ya kufyeka eka milioni. Na penye jambo lisilowahi kumfunza, hukubali kuwa moyo wake hapo ni mgeni kama mgeni mwingine.

Anayekosea katika duka lake hula hasara yake. Anayekosea katika kiti cha wengi hulisha wengi hasara wasiyoipika. Mkuu mwenye kuamua kwa moyo anatoa rehani riziki za watu ambao hawakuusikia moyo huo ukisema. Haki yao ndogo kabisa ni kwamba, kabla hajasema ndiyo, awe ameuuliza jambo hili umelijulia wapi.