Kiangazi cha Kitale na Bungoma, na Bustani Ijayo

Mtu asafiriye mwezi wa Januari kutoka Kitale kwenda Bungoma huona nchi iliyo kama imelala. Mahindi yamekwisha kuvunwa, ng'ombe wameachiwa mabua, na Mlima Elgon, ambao Wabukusu huuita Masaba, huonekana kwa shida kwa ajili ya vumbi. Watu wa Ulaya mwezi huo huo hukaa karibu na moto, theluji ikiwa nje, wakichagua mbegu za kupanda baridi itakapokwisha. Sisi hatuna theluji. Tunacho kiangazi, nacho chafaa kwa kazi iyo hiyo.

Kitale iko kama mita 1,900 juu ya bahari. Mvua yake huanza Machi au Aprili, ikaendelea mpaka Oktoba, na mahindi hukaa shambani miezi sita au zaidi. Ni huko Kitale ambako kazi ya kuzalisha mbegu bora za mahindi ilianza mwaka 1955, na mbegu iitwayo H611 ikatolewa mwaka 1964. Imetufaa sana. Lakini wengi wetu tumezoea kulima mahindi hadi mlangoni. Ifikapo Juni ghala li karibu tupu, mahindi mapya yangali mabichi, na mama wa nyumba hununua sokoni mboga ambazo nyanya yake alizichuma nyuma ya jiko.

Ukipita Kiminini na Kamukuywa, ukashuka hadi Webuye na kushika njia ya Bungoma, joto huongezeka, kwani hapo ni kama mita 1,400 tu. Huko adui wa bustani ni muwa, ukaao shambani mwaka na nusu au zaidi. Lakini mtu wa Bungoma ana bahati moja: akivuna Julai au Agosti, aweza kupanda tena kwa mvua za vuli. Kwa hiyo asiige mpango wa ndugu yake wa Kitale. Yeye agawe bustani yake mara mbili kwa mwaka. Wa Kitale apange msimu mmoja mrefu, akipanda kidogo kidogo kila wiki tatu, mboga zisikomae zote pamoja.

Kwanza yapasa kupima mahali karibu na jiko, hata hatua kumi kwa kumi, na kusimamisha vigingi, ili mwenye jembe la ng'ombe asipite. (Bila vigingi atapita, nawajua wenye majembe.) Samadi itolewe bomani sasa, irundikwe na kufunikwa kwa majani, ipate kuoza. Mbegu za mnavu hukamuliwa katika matunda yaliyoiva, zikaoshwa na kukaushwa kivulini. Za mgagani huchumwa maganda yakigeuka manjano, kabla hayajapasuka. Asiye nazo aulize wazee wa kike wa jirani, au soko la Chwele.

Sukuma wiki isiatikwe pamoja na hizo. Kitalu chake kifanywe katikati ya Februari, karibu na maji, chini ya kivuli cha nyasi, ili miche iwe tayari kuhamishwa baada ya wiki tano au sita, ardhi ikiwa imelowa. Mgagani haupendi kuhamishwa: husiwa papo hapo bustanini mvua ikishika, na huanza kuchumwa baada ya wiki nne hadi sita, mahindi ya shambani yakiwa bado hayajafika magotini.