Mungu wa Ng'ambo ya Mto

Nilikua nikiamini kwamba Mungu ana ukoo. Hakuna aliyenifundisha hivyo kwa maneno, lakini mtoto wa Tarime hujifunza mengi kwa kutazama. Nilitazama vijana wetu wakitoka na mishale na mapanga kuwafuata watu wa ng'ambo ya mto waliochukua ng'ombe, na wazee wakibaki nyuma kuwaombea. Baadaye nikafahamu kwamba ng'ambo nako wanaombewa, na wengine kwa jina lilelile la Yesu. Wizi wa mifugo na mapigano ya koo vimeisumbua nchi yetu kiasi kwamba Tarime na Rorya zikapewa kanda maalumu ya kipolisi. Mimi vilinipa kaburi la kaka yangu na moyo usioweza kusema amina. Nikaacha kusali.

Kazi ya lori ndiyo iliyonitembeza. Nilianza utingo, nikaja kushika usukani, kutoka Sirari kupitia Kisii na Nairobi hadi Mombasa. Kwenye barabara hiyo, Makindu, lipo hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926 na mafundi wa reli. Madereva wote wanalijua kwa sababu ya chakula. Unavua viatu, unafunika kichwa, unakaa, unaletewa chapati, dengu na chai, na hakuna anayekudai hata senti. Mara ya kwanza nilikaa nikisubiri kuulizwa. Kwetu mgeni huulizwa kwanza yeye ni wa ukoo gani, na jibu lake huamua atalala wapi. Pale tajiri mwenye gari lake na mimi mwenye mafuta ya dizeli mikononi tulikula chakula kimoja. Nilimuuliza mzee aliyekuwa akigawa chapati kwa nini wanafanya hivi. Akanijibu kwamba Guru Nanak, aliyezaliwa mwaka 1469, aliwafundisha kuwa mbele ya Mungu hakuna wa juu na wa chini, na njia ya kulijua hilo ni kula pamoja. Niliondoka nimeshiba, na swali limenikaa.

Nikaanza kuuliza kila nilipolala. Mombasa, rafiki yangu wa bandarini alinipeleka msikitini kwao, nikakaa nyuma kumtazama akisali bega kwa bega na watu asiowajua. Alinieleza sura ya Al-Hujurat, inaposema kwamba Mungu aliwaumba watu mataifa na makabila ili wajuane, na kwamba mbora wao ni mcha Mungu. Ili wajuane! Kwetu kujua ukoo wa mtu kulikuwa ni kujua kama umkimbie. Dar es Salaam nilipita kwenye mahekalu ya Wahindu mtaa wa Kisutu, nikayaona kwa haraka tu, na siwezi kuwasemea wenyewe. Lakini Upanga, kwenye hekalu la Wabudha lililoanzishwa na watu waliotoka Sri Lanka, nilirudi tena na tena.

Pale nilifundishwa kukaa kimya na kuitazama hasira yangu bila kuitii. Nasema kwa heshima: walinisaidia kuliko wengi walionihubiria. Hasira niliyoibeba tangu msiba ilishuka. Ilipokwisha kushuka, nikabaki na hitaji ambalo mafundisho yale hayakulishughulikia, maana hayaanzi na Muumba. Nilitaka kushukuru, na shukrani inataka mwenyewe. Nikamkumbuka bibi, ambaye hakubatizwa kamwe, alivyokuwa akitoka alfajiri na kuelekea jua linakochomoza, akamtaja Nyamhanga, yaani Mungu, kabla hajashika jembe. Nikamwita hivyo hivyo, kwa Kikurya, ndani ya hekalu la Wabudha. Tangu siku ile sikuwa tena mtu asiyeamini.

Kujua kwamba yupo ni jambo moja. Kaka yangu bado alikuwa kaburini, na waliomuua bado walikuwa ng'ambo.

Safari za Mugumu zilinifikisha Robanda, kwa Waikoma, kandokando ya hifadhi ya Serengeti. Wanazo pembe za tembo ziitwazo Machaba, wanazoziheshimu kama ulinzi wa watu wao. Mzee mmoja aliniambia, "Mura, hizi tulipewa na Watatoga." Yaani baraka kubwa ya kabila ilitoka kwa kabila jingine. Mimi siombi kwa pembe, lakini maneno ya mzee yule yaliniandaa kusikia yaliyofuata.

Huko huko Mugumu nilizungumza na mchungaji wa Kanisa la Mennonite. Wamennonite waliingia Mara mwaka 1934, walipofika Shirati Elam Stauffer na John Mosemann kutoka Marekani. Mchungaji hakuniomba niokoke. Alinisimulia habari za Dirk Willems wa Uholanzi, mfungwa wa imani aliyetoroka gerezani akikimbia juu ya maji yaliyoganda kuwa barafu. Askari aliyemfukuza akatumbukia. Dirk akageuka, akamvuta yule mtu hadi akapona. Akakamatwa palepale, na mwaka 1569 akachomwa moto.

Nilimwomba arudie. Kwetu adui akizama katika Mto Mara, hiyo ni habari njema ya jioni. Nikamuuliza mtu anapata wapi nguvu ya kugeuka. Akanijibu, "Kwa Yule aliyewaombea waliompigilia misumari." Tangu utotoni nilijua msalaba, kama picha ukutani. Kwetu damu hulipwa kwa damu, au kwa ng'ombe wazee wakipatana. Sikuwa nimefikiri kwamba Mungu mwenyewe angekuja kuilipa, kwa niaba ya mdai na mdaiwa. Kaka yangu alikuwa na anayemlilia zaidi yangu, na muuaji wake pia alikuwa naye.

Mchungaji aliniazima kitabu cha maisha ya Zedekia Kisare, Mjaluo wa Shirati aliyekuja kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa kanisa hilo mwaka 1967. Anasimulia uamsho wa mwaka 1942, Waafrika na wamisionari walivyotubu wao kwa wao mbele ya watu, wakaitana ndugu. Nikaona kwamba jambo hili limewahi kufanyika hapa hapa Mara, kwa watu wenye tabia kama zetu. Nilibatizwa.

Leo tuko kikundi kidogo cha watu wa koo mbili, tunakutana mara kwetu, mara ng'ambo. Mwanzoni mama zetu walikataa kutupikia, sasa wanatupikia. Tukiomba, tunataja majina ya waliouawa, na utaratibu wetu ni kwamba kila mmoja aanze na wa upande wa pili. Mimi huanza na kijana aliyeuawa usiku uleule na kaka yangu. Jina lake nililijua kutoka kwa mama yake.