Timazi ya Babu Fundi

Timazi yake ilikuwa pande la risasi lenye umbo la bilingani changa, na uzi wake ulikuwa umekula chokaa mpaka ukakakamaa. Aliibeba kikapuni pamoja na mwiko na nyundo. Kutoka Langoni hadi Mkomani si mwendo wa kuchosha, lakini asubuhi yake iliweza kuisha njiani, maana kila baraza lilikuwa na mtu wa kumsimamisha. Fundi, hebu tazama dari yangu. Fundi, birika yavuja. Naye husogea ukutani, akaweka kiganja, akanyamaza kidogo kama mtu anayesikiliza, kisha akasema: "Ukuta huu wanywa maji. Nitarudi alasiri." Na alasiri hurudi.

Hakuwa babu yangu wa damu. Watoto wote wa mtaa wetu wa Lamu tulimwita Babu Fundi. Sisi tuliishi Mkomani, kwenye nyumba za mawe za mababu, nyingi zake za karne ya 18. Yeye aliishi Langoni, katika nyumba ya udongo na makuti. Miaka mingi ilipita ndipo nikalitafakari jambo hilo: mikono iliyoziweka hai nyumba za mawe ilirudi kila jioni kulala chini ya makuti. Sikumsikia akilinung'unikia. Mimi ndiye linayeniuma.

Wakati wa likizo, mwishoni mwa miaka ya 1970, nilimchotea maji, na hapo ndipo nilipojua nyumba yetu imesimama vipi. Kuta zake zina unene wa nusu mita na zaidi, mawe ya matumbawe yaliyoletwa na mashua kutoka kisiwa cha Manda. Vyumba ni virefu na vyembamba, nami utotoni nilidhani wazee walipenda vyembamba. Babu alinionyesha kwa kidole juu: upana wa chumba ni urefu wa boriti, na boriti ya mkoko haivuki mita tatu hivi. "Mti ndio uliopima chumba," alisema, "mimi nimefuata tu."

Chokaa aliichoma mwenyewe. Magogo hupangwa kwa duara, mawe yakarundikwa juu, moto ukatiwa katikati usiku upepo ukiwa wa kuaminika. Kesho yake mawe yale ni meupe na mepesi mkononi, na ukiyamwagia maji yanafoka, yanapasuka, yanageuka unga mbele ya macho yako. Sisi watoto tulikuwa tukirudi nyuma kwa woga na kusogea tena. Baada ya kuizima, huitia shimoni, huilowesha, huifunika. Kisha ni kungoja. Si siku, ni miezi. Mwenye nyumba akija na haraka zake, Babu alimwambia chokaa changa itampasukia usoni mbele ya wageni. Alipima kwa karai, moja ya chokaa kwa tatu za mchanga, lakini jibu la mwisho lilitoka kwenye vidole: alifikicha, akanusa, akaongeza au akaacha.

Dada yangu mkubwa alipoposwa, baba alimwita Babu kabla ya kumwita fundi wa nguo. Ndiyo desturi ya kwetu: binti hupewa nyumba, na pasipo kiwanja huongezewa ghorofa juu ya wazazi wake. Kwa hiyo mji umekwenda juu kwa harusi, tabaka juu ya tabaka, na ng'ambo mbili za kichochoro zikaunganishwa kwa wikio, chumba kinachopita juu ya vichwa vya wapita njia. Nakumbuka siku za kupiga sakafu ya ghorofa ile. Vijana walikaa kwa safu wakiponda chokaa na kokoto kwa magongo ya mbao, wakiimba, mama na shangazi zangu wakipandisha mahamri na chai. Babu alitembea nyuma ya safu bila viatu. Alisema unyayo unajua pasipopigika kabla jicho halijajua.

Ukuta mmoja kati ya nyumba mbili ni ugomvi unaongoja mvua. Majirani waligombana juu ya maji ya dari, juu ya boriti iliyochomekwa upande usio wake, juu ya wikio lililomnyima mtu mwanga. Mzozo ulipokuwa mkubwa walimwita Babu kabla ya kwenda kwa mkubwa yeyote. Alishusha timazi, akawaacha wote wawili waitazame ikiyumba mpaka itulie. Nadhani muda ule wa kungoja itulie ulifanya nusu ya kazi. Msikitini alikarabati bila kuchukua ujira. Na mtu akifa, yeye ndiye aliyeteremka kaburini kuusawazisha mwanandani, kwa uangalifu uleule aliokuwa nao akitengeneza zidaka za chumba cha biharusi.

Saruji haikuja kwa vita. Ilikuja kwa mifuko, kidogo kidogo, na leo umeinunua, kesho ukuta umesimama. Kuni za tanuu zilikuwa ghali, na vijana walitaka kazi inayolipa Ijumaa ile ile. Mvua za El Niño za 1997 zilipoichosha dari yetu, mimi na kaka yangu ndio tulioamua. Tulikuwa na mishahara, tulikuwa na haraka, na Babu alitutaka tusubiri chokaa yake hadi kaskazi. Hatukusubiri. Tulimwaga saruji juu ya dari, na kwa kuwa mifuko ilibaki, tukaupiga ukuta wa ndani plasta ya saruji, ukawa laini kama sahani.

Alikuja akautazama. Hakutukemea. Alisema: "Mwanangu, umelivalisha jiwe shati la chuma. Jasho lake litatokea wapi?"

Likatokea. Mwaka wa tatu ukuta ulivimba. Chumvi ilichanua kama ukungu wa mkate, kisha plasta ikaanguka mapande mapande, na kila pande liliondoka na ngozi ya jiwe. Nyuma yake matumbawe yalikuwa unga. Ukuta uliostahimili zaidi ya karne mbili tuliuharibu ndani ya miaka mitatu, kwa pesa zetu wenyewe. Ilikuwa karibu na wakati ule UNESCO ilipouingiza mji wetu katika Urithi wa Dunia, 2001, na watu wakasherehekea. Mimi niliona aibu kupita mbele ya baraza la Babu.

Alikuja mwenyewe, mgongo umeshapinda, na kijana mmoja wa kumshikia ngazi. Alibandua saruji yote kwa patasi, taratibu, wiki nzima. Akauacha ukuta wazi msimu mzima ukauke. Kisha akajaza mawe, akarudisha chokaa. Nilipomuuliza ujira wake, alitaja bei ile ile aliyomwambia baba yangu zamani za ghorofa ya dada. Nililipa zaidi, akarudisha ziada kwa mkono wa mjukuu wake.

Kijana yule wa ngazi sasa ni fundi mkubwa. Kazi zake nyingi ziko kijiji cha Shela, kwenye nyumba za wageni kutoka Ulaya, ambao wanataka chokaa halisi na wana uwezo wa kuingoja. Namfurahia, na hapo hapo nasikitika, kwa kuwa majirani zangu hawamwezi tena. Tulipomzika Babu, yeye ndiye aliyeteremka kusawazisha mwanandani. Alikuja na timazi ile. Aliishusha, sote tukasimama kimya kuzunguka kaburi, uzi mweupe ukiyumba, ukiyumba, mpaka ukatulia.

Masika ya mwaka jana yalikuwa mazito. Kila alfajiri nilishuka nikaweka kiganja kwenye ukuta ule. Ulikuwa mkavu.