Safu ya Rangi Ijazwe Mwisho

Kwa sehemu kubwa ya utumishi wake, mwalimu mmoja wa baiolojia wa Mlola, Lushoto, alifundisha bila maabara ya kujivunia. Alikuwa na mashamba ya maharage na kabichi, rula za wanafunzi na vipande vya chandarua chakavu. Vilitosha kufugia vunjajungu.

Wanafunzi walimletea wa kijani na wa kahawia, tayari wamewatenga kwa rangi. Mwalimu aliwachanganya upya, akaanza kuwainua miguu ya mbele. Mwenye doa jeusi upande wa ndani, karibu na kifua, ni Mantis religiosa, jina alilopewa na Linnaeus mwaka 1758. Asiye na doa hilo, ila ana vinundu vyeupe mguuni na alama nyeupe kwenye bawa la juu, ni wa jenasi ya Sphodromantis. Jamaa hao wote wawili wana wa kijani na wa kahawia.

“Sasa, mwalimu, rangi ina kazi gani?”

Swali hilo halikukosa kila mwaka, naye alilijibu kwa habari za mtafiti di Cesnola, ambaye matokeo yake yalichapishwa mwaka 1904. Huko Italia aliwafunga vunjajungu kwa uzi majanini. Wa kijani 20 kwenye majani mabichi walikuwa hai wote baada ya siku 17, na vivyo hivyo wa kahawia 20 kwenye majani makavu. Wa kijani 25 waliofungwa kwenye majani makavu waliisha wote kabla ya siku ya 12.

Lakini kilichomnogea zaidi ni ukuaji. Vunjajungu anayejivua gamba hujining'iniza kichwa chini. Ngozi hupasuka mgongoni, mwili laini huteleza nje, kisha hutulia hadi miguu ikakamae. Ukimgusa wakati huo unaweza kumlemaza. Kwa hiyo mwalimu alipima gamba lililoachwa, tena paja la mguu wa mbele, maana kifua hupasuka. (Mwaka 2011, chama tawala CCM kilipotangaza kampeni yake ya “kujivua gamba”, kulifundisha somo hili bila darasa kuangua kicheko ilikuwa kazi bure.)

Kanuni ya ukuaji aliitoa kwa watafiti Przibram na Megušar wa Vienna, waliopima Sphodromantis na kuchapisha mwaka 1912: kila gamba likivuliwa, uzito huwa maradufu na urefu huzidishwa kwa 1.26. Paja la milimita 10 litegemewe kufika 12.6. Vipimo vya Mlola viliikaribia tu, na baridi ya Juni na Julai iliwachelewesha wadudu kujivua. Majike nao mara nyingi hujivua mara moja zaidi ya madume, ndiyo maana aliagiza pingili za tumbo zihesabiwe kwanza kwa upande wa chini: jike aliyekomaa sita, dume nane.

Alipostaafu alimkabidhi mwalimu mwenzake daftari la vipimo kwa sharti moja: jinsia, doa la mguu na urefu wa paja viandikwe kwanza, safu ya rangi ijazwe mwisho.