Upepo Unaotangulia Mvua

Saa nane na nusu mchana, mwezi Machi, tulikuwa tumeegesha gari Lamadi kando ya barabara ya Musoma, na lile wingu nililoanza kulifuata tangu Magu lilikuwa limeshapata kichwa. Nasema limepata kichwa pale kilele chake kinapoacha kupanda na kuanza kutandaa ubavuni, bapa kama fuawe la mhunzi. Hewa ya moto iliyoinuka kutoka mbuga za Ndabaka imepaa kilomita kumi na kitu, imegonga dari, haina tena pa kwenda ila pembeni. Kuanzia hapo sipendi kulipa wingu mgongo.

Dereva wangu alizima injini bila kuambiwa. Tulikuwa tumezunguka pamoja misimu sita, na alijua nikishusha kioo nataka kusikiliza. Umeme ukamulika upande wa Serengeti. Nikahesabu kimoyomoyo hadi 24 ndipo ngurumo ikafika, nzito, kama gunia la mahindi linaloburutwa darini. Sauti hutumia sekunde 3 hivi kwenda kilomita moja, kwa hiyo tulikuwa mbali na wingu kilomita 8. Nikafunga kamera kwenye stendi, nikaivika mfuko wa nailoni, nikaanza kupiga.

Kupiga video ya radi mchana ni kazi ya subira na hasara. Kamera nyingi za siku hizi huisoma picha mstari kwa mstari, kutoka juu kwenda chini, na radi ni ya kufumba na kufumbua. Mara nyingi unaambulia mwanga nusu ya juu, na nusu ya chini giza, kama picha iliyokatwa kwa mkasi. Usiku, kwa picha mnato, ni nafuu: unaiacha lenzi wazi sekunde 15 au 20, na radi inajichora yenyewe.

Nilikuja kwenye mawingu kutoka kwenye harusi. Mwanza nilipiga harusi, vipaimara na mahafali, hadi siku moja maharusi wamesimama juu ya mawe ya Capri Point, ziwa nyuma yao likageuka rangi ya risasi. Nikaielekeza kamera huko, na moyo wangu haukurudi tena kule ulikokuwa.

Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, na maji mengi kiasi hicho hujitengenezea hali ya hewa yake. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, upepo ukatoka ziwani kwenda bara, na mawingu yakakulia juu ya mashamba. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, upepo hushuka kutoka pande zote kuelekea ziwani, unakutana katikati, na hewa yenye mvuke haina njia ila kupanda. Ndiyo maana dhoruba kubwa za ziwa hili hupenda usiku na alfajiri. Na usiku ndio saa ya dagaa: huvuliwa kwa taa, kwenye giza, wakati mwezi haupo. Yaani saa ile ile ambayo ziwa huchemka, ndiyo saa ambayo watu wetu wako juu yake ndani ya mitumbwi ya mbao. Jambo hilo nililijua kichwani miaka mingi kabla sijalijua tumboni.

Wingu lilikuwa linasogea magharibi. Nikaamua tulipite, tukalisubiri mbele yake. Tukaenda Bunda, tukakata kushoto kuelekea Kibara na Kisorya. Kabla ya Kibara mvua ya mawe ikatukuta, punje za ukubwa wa mbegu za mbuyu, zikipiga bodi la gari hadi hatukusikilizana. Kando ya barabara niliona watoto wawili wamejibanza kwenye shina la mwembe, mbuzi wamewazunguka. Sikupiga picha. Nilifungua mlango nikawapigia kelele waingie.

“Na mbuzi?” akauliza mkubwa, kama wa miaka kumi. “Ni wa babu.”

“Babu atawataka ninyi kwanza, mwanangu. Panda.”

Walikaa kiti cha nyuma wakitetemeka, maji yakiwachuruzika, macho hayabanduki kwa mbuzi. Nikawaeleza kwamba ndani ya gari la bati lililofungwa vioo radi hupita juu ya bodi na kushuka ardhini, bali mti mrefu uliosimama peke yake huivuta, na anayeuegemea hugawana nao. Mdogo akasema kwao radi hutumwa na mtu. Sikubishana naye. Nilimwambia hata kama imetumwa, asiisubiri chini ya mti. Radi haikuupiga ule mwembe siku ile. Tukawashusha mvua ilipopungua, mbuzi wote wapo.

Tulifika mwaloni Kisorya jua linazama. Akina mama walikuwa wanakusanya dagaa waliosalia mchangani, wakiwafagia kwa haraka na kuwamimina kwenye ndoo, maana dagaa akilowa usiku kucha hana tena bei ya chakula cha binadamu. Mitumbwi ilikuwa imeshatoka. Nilihesabu taa ziwani: 31, zikianza kuwaka moja moja kama kijiji kinachoamka. Nyuma yetu, mashariki, wingu lilikuwa limeshakula nusu ya anga. Nikaweka stendi nikaelekeza lenzi kwenye radi. Zilikuwa nzuri mno. Matawi yake yalitambaa kwenye tumbo la wingu kutoka upande mmoja hadi mwingine, rangi ya zambarau.

Mzee mmoja mwenye mitumbwi alikuja akasimama karibu yangu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanyamaza kidogo.

“Unapiga radi, mwanangu.”

“Ndiyo, mzee.”

“Radi haijawahi kunichukulia mtoto.” Akaonyesha maji kwa kidevu. “Piga pale.”

Niligeuza kamera kwa heshima tu, kwa sababu sikuona kitu. Ziwa lilikuwa limetulia kama mafuta kwenye sahani. Kisha nikahisi baridi shavuni, baridi ya friji iliyofunguliwa, na harufu ya udongo uliolowa, ilhali juu yetu halijadondoka tone. Mvua na mawe yanaposhuka kutoka wingu kubwa hupoza hewa na kuivuta chini, na hewa hiyo ikigonga ardhi hutawanyika mbele, ikaitangulia mvua yenyewe kwa kilomita kadhaa. Nilikuwa nimeyasoma hayo. Sasa niliyaona: mstari mweusi juu ya maji, mwembamba, ukiondoka ufukweni kwenda kwenye taa. Nyuma yake maji yalikuwa yamekunjamana. Mbele yake kulikuwa shwari.

“Huu wa kutoka nchi kavu ndio mbaya,” mzee alisema, simu sikioni. “Unakusukuma mbali na kwenu.” Aliyempigia hakupokea. Akapiga nyingine.

Mstari ulipofika kwenye taa, zikaanza kucheza. Zikalala upande mmoja, zikasimama, zikalala. Kisha mvua ikafika ikafuta kila kitu, nami nikabaki nimeshika stendi kwa mikono miwili.

Ilipopita tulihesabu pamoja, kwa sauti. Taa 27. Mzee alirudia kuhesabu mara tatu. Hakuna aliyekwenda kulala. Mbili zilionekana saa saba, zikija polepole kwa kasia kwa kuwa mashine ziliingia maji. Alfajiri watu wa mtumbwi wa tatu walitokea. Walikuwa wamejibanza nyuma ya kisiwa. Wa nne ulipinduka, na wanne waliokuwamo waliushikilia tumbo hadi wenzao walipowakuta, mmoja amevaa boya la kuokolea, watatu hawana. Ziwa liliwarudisha wote usiku ule.

Kituo kimoja cha televisheni kilinunua video. Kilirusha radi, sekunde 40, na muziki juu yake. Zile dakika tatu za maji walizikata. Nikaambiwa hazina kitu. Iliniuma, na bado inaniuma, maana hizo ndizo dakika zinazoua.

Nilirudi Kisorya giza la mwezi lililofuata, saa kumi jioni, wakati mitumbwi inapakia nyavu na taa. Mzee akamwita kijana mmoja wa mashine, mgeni wa kazi, akamkalisha mbele ya kioo kidogo cha kamera. Nikacheza zile dakika tatu.

“Umeuona?” mzee akamuuliza.

“Naona maji tu, baba.”

“Rudisha nyuma,” mzee akaniambia. Nikarudisha. Akaweka kidole chake kwenye kioo, mahali ambapo shwari inakoma. “Hapa. Tazama hapa. Cheza tena.”