Shilingi Elfu Tano za Mwalimu

Mwaka jana, nilipokuwa Kidato cha Tatu, niliandika programu ya kuweka hesabu ya fedha za matumizi ambazo wazazi hutuletea hapa bwenini. Zamani mwalimu aliziandika katika daftari. Kwa programu yangu, mwanafunzi aliandika mwenyewe kiasi anachotaka, kompyuta ikapunguza akiba yake, na mwalimu akamhesabia fedha. Nilijiona fundi kweli kweli.

Hata mwisho wa muhula, sanduku likapungua shilingi 5,000. Mwalimu alihesabu mara tatu, kisha akalipa kutoka mfukoni mwake, wala hakusema neno. Mimi nilikosa usingizi. Usiku wa pili nikagundua ya kuwa mtoto mmoja wa Kidato cha Kwanza aliandika 5,000, lakini mbele yake akatia alama ya kutoa. Basi kompyuta, badala ya kumpunguzia, ikamwongezea! Juma lililofuata akazichukua. Aliniambia kwamba alikuwa akicheza tu. Nami naamini nusu ya maneno yake.

Wakati wa likizo nilimsaidia baba, ambaye ni mwashi, kujenga nyumba ya jirani yetu kule Mbuba. Kila mstari wa matofali ulipokwisha alishusha timazi. Nikamwuliza kwa nini asingoje ukuta uishe apime mara moja. Akacheka, akasema, "Ukiisha nao umepinda, mwanangu, tutabomoa kwa fedha ya nani?"

Niliporudi shuleni sikuigusa programu kwanza. Niliandika majaribio. Mtu akiandika kiasi kilicho chini ya sifuri, je? Akiandika herufi? Akitia namba ya mwenzake? Sasa majaribio hayo yote hujiendesha kila nibadilipo hata mstari mmoja, na likishindwa moja sisongi mbele. Siku ya pili tu yakakamata kosa nisilolidhania: jina lenye "ng'" lilisimamisha kila kitu. Ile ritifaa, kwa hifadhidata, ni alama ya kufunga maneno, na kinachofuata huweza kusomwa kama amri. Mtu mbaya angeweza kuandika mahali pa jina amri ya kufuta akiba zetu zote! Na majina yenye ng' tunayo mengi humu.

Mafundi wakubwa nao yamewapata. Mwaka 2014 iligunduliwa dosari katika OpenSSL, programu inayolinda siri za tovuti nyingi duniani, nayo ilikuwamo tangu toleo la mwaka 2012. Kompyuta iliombwa irudishe neno ikaambiwa na urefu wake. Ikauamini urefu huo bila kuupima, ikarudisha na siri zilizokuwa kando.

Mwalimu nilimpelekea 5,000 zake muhula huu, akakataa kuzipokea. Programu anaitumia, ila daftari lake la zamani lingali mezani, na kila Ijumaa hulinganisha.