Mtoto wa mbwa bado yuko kwa mama yake

Wamama wenzetu, tangu mwezi uliopita kila anayepita kwetu anauliza swali moja: mbwa yuko wapi? Mbwa bado. Yuko kwa mama yake, ng'ambo ya Lukuga, na juma hili ametimiza majuma matano. Tutamchukua akifika nane.

Sisi ni wake wa ndugu wawili. Tunakaa lupango moja hapa Kataki, pamoja na mama mkwe wetu na watoto saba. Sababu ya kutaka mbwa mnaijua ninyi wote mnaokaa na wavuvi. Usiku wa giza, wakati mwezi hauonekani, ndio usiku wa kuvua ndakala kwa taa, na wanaume wote wako ziwani. Wezi nao wanajua kuhesabu mwezi. Majira ya mvua yaliyopita waliingia kwetu mara mbili. Mara ya kwanza walibeba masufuria, mara ya pili wakaondoka na mbuzi jike mwenye mimba, na mama mkwe, ambaye masikio yake yamechoka, hakusikia hata mlango.

Basi tulisikia kwamba kuna baba mmoja mwenye mbwa jike aliyezaa sita. Tulivuka daraja kwenda kumwona huyo mama kwanza, kabla ya kuchagua mtoto. Tabia ya mama inaonyesha mengi. Huyu alisimama, akanusa miguu ya watoto wetu, akarudi kulala. Alikuwa amekonda, kama kila mwenye kunyonyesha sita, lakini macho yake yalikuwa safi. Watoto wake hawakuwa na yale matumbo makubwa ya minyoo. Mwenye mbwa aliwapa dawa ya minyoo walipotimiza majuma mawili, akarudia baada ya majuma mawili mengine. Minyoo hiyo si shida ya mbwa tu: mayai yake yanatoka na mavi, yanakaa katika udongo, na mtoto anayecheza chini na kutia mkono kinywani anayameza.

Yule baba alitaka tumbebe siku ile ile, akiwa na majuma manne tu. Kulisha vinywa sita ni mzigo, hatumlaumu. Lakini sisi tumeachisha watoto ziwa, tunajua kwamba kuacha ziwa si kazi ya siku moja. Tena mtoto wa mbwa ana masomo yake pale. Anafungua macho karibu na siku ya kumi au ya kumi na nne, kisha anaanza kucheza na ndugu zake. Akimuuma ndugu kwa nguvu, ndugu analia na mchezo unakwisha. Hivyo anajifunza kupima meno yake. Ukimwondoa mapema, somo hilo atakuja kulisoma kwenye mikono ya watoto wako. Tukapatana hivi: kila siku ya posho tunapeleka unga na ndakala kidogo kwa ajili ya huyu wetu, naye anabaki.

Kuna watu wanangoja kuliko sisi. Mbwa anayeitwa Basenji, ambaye asili yake ni misitu ya Kongo yetu, anatafutwa sana Ulaya na Marekani. Jike wake kwa kawaida anashika mimba mara moja tu kwa mwaka, kwa hiyo anayemtaka anaandikisha jina kwa mfugaji na kungoja miezi mingi. Mama mkwe alipoambiwa kwamba mbwa huyo habweki kama wengine alicheka sana. Kwetu angefanya kazi gani?

Lakini neno lililotusumbua zaidi halikuwa wezi wala unga. Ni jirani yetu. Miaka miwili iliyopita mtoto wake wa kiume aliumwa na mbwa asiyejulikana ni wa nani. Waliuza cherehani ili kulipa sindano, na zile za mwisho walizingoja kwa wasiwasi kwa sababu dawa ilikuwa imekwisha. Mtoto alipona. Mama yake aliposikia habari zetu alikuja, akakaa, hakutaka hata maji. Akasema, "Wadada, mtaleta mbwa karibu na mtoto wangu?"

Alikuwa na haki. Kichaa cha mbwa, ambacho wengi tunaita raje, kikishaonyesha dalili kwa mtu hakuna dawa ya kukirudisha. Kabla ya dalili ndipo kuna nafasi: kuosha kidonda mara moja kwa maji yanayomwagika na sabuni dakika 15 nzima, kisha hospitali, siku ile ile, bila kungoja kuona kama mbwa atakufa. Sindano hizo si habari ya leo. Mwaka wa 1885 mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, alidungwa chanjo ya Pasteur kule Paris, naye akaishi. Lakini kuchanja mbwa mmoja ni gharama ndogo sana ukilinganisha na cherehani ya yule mama.

Tulimpa ahadi: mbwa hatatoka nje ya lupango mpaka jirani aione karatasi ya chanjo kwa macho yake. Veterineri tuliyemwona anachanja akifika miezi mitatu, na kurudia baada ya mwaka. Kutoka majuma nane mpaka miezi mitatu ni karibu mwezi mzima wa kumfungia ndani, na hapo ndipo tuliona hali ya ua wetu. Matete yameoza upande wa mfereji. Chanjo nayo inataka baridi, digrii 2 mpaka 8, na umeme wa Kalemie mnaujua. Tumekubaliana na veterineri kwamba atakuja na kisanduku chake cha barafu asubuhi, nasi tutamlipia pikipiki.

Watoto wanafundishwa tangu sasa. Hakuna kumgusa mbwa anapokula wala anapolala, na kila aliyemshika ananawa. Chakula kimepangwa: bukari laini na ndakala bila chumvi, mara nne kwa siku akiwa mdogo, bila kitunguu na bila mifupa ya kuku iliyopikwa, maana inavunjika kama miiba. Hatujajua bado namna ya kumkataza ndakala tunazoanika chini kwenye mchanga. Mmoja wetu anasema tutengeneze vichanja vya miti, mwingine anasema mbwa atajifunza kwa fimbo ndogo. Mama mkwe anasema vichanja, na samaki watakauka bila mchanga. Hapo ana haki, mbwa awepo asiwepo.

Jina bado ni ugomvi wa watoto saba. Ua umebaki upande mmoja, ule wa jirani. Juzi mume wake alipitisha miti sita juu ya matete, akasema anayo mingine.